Habari Isiyo na Mwenyewe: Kutoka Gitega Hadi Gasorwe

Tarehe 31 Machi 1972, redio ya taifa ya Burundi, iliyoitwa Sauti ya Mapinduzi wakati huo, ilitangaza kwamba Ntare wa Tano, mfalme aliyepinduliwa mwaka 1966, amekamatwa akiwa na njama ya kuivamia nchi kwa msaada wa mamluki wa kigeni. Aliyeisikia habari hiyo akiwa Muyinga au Bururi hakuwa na njia ya kujua kwamba kijana huyo wa miaka 24 alikuwa amewasili siku moja kabla, kwa helikopta kutoka Uganda, bila jeshi wala silaha, na kwamba Rais Michel Micombero alikuwa amemwahidi Idi Amin kwa maandishi kuwa Ntare angeachwa aishi kama raia wa kawaida. Badala ya kuachwa, alipelekwa Gitega na kufungiwa huko. Usiku wa tarehe 29 Aprili akauawa. Redio ikaeleza kwamba wafuasi wa ufalme walijaribu kumtoa kizuizini kwa nguvu, naye akafa katika purukushani hizo. Baadaye maelezo hayo yakaachwa, ikasemwa kwamba alihukumiwa na kuuawa. Siku ileile uasi wa Wahutu ulikuwa umezuka kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, ambako Watutsi wengi waliuawa, na jibu la serikali likawa mauaji ya Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, mapadri, askari. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000.

Naanzia Gitega ya mwaka huo kwa makusudi. Mazungumzo ya siku hizi kuhusu habari za uongo huanzia kwenye simu, kana kwamba zamani watu walisikiliza redio wakaelewana, kisha mitandao ya kijamii ikaja kuwavuruga. Historia ya sehemu hii ya Burundi haikubaliani na simulizi hiyo. Ukishika njia itokayo Gitega kupitia Karuzi hadi Gasorwe na mji wa Muyinga, unapita katika nchi iliyoumizwa na uongo mara nne ndani ya miaka isiyofika hamsini, na mara tatu za kwanza hapakuwa na simu hata moja mfukoni mwa mkulima. Vyombo vilibadilika. Kisichobadilika ni kwamba kila mara yule msemaji ambaye angeweza kuulizwa "umejuaje?" alikuwa ameondolewa, au amenyamazishwa, au yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akidanganya na hapakuwa na wa kumhoji. Nasema kwamba habari huwa hatari inapokosa mwenyewe wa kuijibia, na kwamba kila hatua ya kupambana na uzushi isiyomrejesha mwenyewe huyo, hata kama ina nia njema, huishia kuulisha uzushi uleule.

Baada ya 1972 kilifuata kimya, na kimya hicho kilikuwa amri. Waliouawa waliitwa abamenja, yaani wasaliti. Jamaa zao hawakuruhusiwa kuwalilia hadharani, na wengi walinyang'anywa mali. Jambo kubwa kuliko yote lililowahi kuikumba familia likawa jambo lisilotajwa mezani, shuleni wala kanisani. Lakini jambo lisilotajwa halisahauliki. Hunong'onwa, na minong'ono haina wa kuisahihisha. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alipofanya utafiti katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakiwa wamejijengea historia yao kamili, yenye mpangilio, yenye mafunzo ya maadili, ambamo kila tukio lilithibitisha lililotangulia. Humo mlikuwa na mengi ya kweli. Ila yule ambaye angeweza kusema "hapa sivyo" alikuwa upande wa pili wa mpaka, akiwa na simulizi yake mwenyewe iliyo kamili vilevile.

Ilichukua miaka 48 ardhi yenyewe kufunuliwa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi, CVR, ilifukua makaburi ya halaiki mkoani Karuzi, karibu na mto Ruvubu, katikati ya njia hiyo ya Gitega na Muyinga. Tume ilitangaza kwamba imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Pamoja na mifupa palipatikana nguo, miwani na rozari, na kuna jamaa waliotambua wapendwa wao kwa vitu hivyo. Miwani iliyotoka ardhini inasema jambo ambalo hakuna tangazo la redio linaloweza kulifuta: kwamba hapa alizikwa mtu aliyekuwa akisoma. Hata hivyo kazi ya CVR imelalamikiwa na wengi kwamba imeelekeza nguvu kwenye vifo vya 1972 na vya upande mmoja, na malalamiko hayo yanastahili kujibiwa, kwa sababu ukweli unaotolewa nusu huacha nusu nyingine mikononi mwa wazushi.

Matunda ya kimya yalionekana Agosti 1988, katika tarafa za Ntega na Marangara, mikoa ya Kirundo na Ngozi, jirani kabisa na Muyinga. Ilienea habari vilimani kwamba wanajeshi wanakuja kurudia yale ya 1972. Wakulima wa Kihutu wakakata miti na kuilaza barabarani, wakang'oa mbao za madaraja, kisha wakawashambulia majirani zao Watutsi na kuwaua. Jeshi likaja kweli, likaua bila kubagua mwanamke na mtoto. Serikali ilitaja watu 5,000 waliokufa. Wengine walikadiria hadi 20,000, na zaidi ya 50,000 walikimbilia Rwanda. Kuna wanaoielezea Ntega kama kisa cha wakulima wajinga waliopumbazwa na vipeperushi vilivyovuka mpaka. Vipeperushi vilikuwepo, na waliovichapa wana lawama yao. Lakini mkulima wa Ntega alikuwa na sababu gani ya kuliamini neno la msimamizi wa tarafa aliyemwambia atulie? Mwaka 1972 waliotulia na kuitikia wito wa kufika ofisini ndio waliopakiwa kwenye malori. Kumbukumbu ile ilikuwa ya kweli. Utabiri uliojengwa juu yake ndio uliokuwa haujathibitishwa, na hapakuwa na mtu yeyote, wa serikali wala wa kando, ambaye pande zote mbili zingekubali kumsikiliza.

Mwaka 1993 unafundisha zaidi, maana safari hii habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuongoza Burundi, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa. Waliopindua waliizima redio ya taifa na kukata simu. Mwenye redio ya betri huko Gitega au Muyinga akazungusha kitufe na kupata Kigali. Hapo alikutana na Redio Rwanda, ambako waziri wa afya wa Burundi, Jean Minani, aliyekuwa Kigali siku hiyo, alizungumza na Warundi. Akakutana pia na RTLM, kituo kilichokuwa na miezi mitatu tu hewani na kilichokuwa kikijizoeza kazi yake ya mwaka uliofuata, ya kuchochea mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Kwamba rais ameuawa ilikuwa kweli. Uongo ulikuwa katika hatua iliyofuata: kwamba kwa kuwa wanajeshi wa Kitutsi wamemuua rais, basi kila Mtutsi wa kilimani ni mshirika wao. Huko Kibimba, mkoani Gitega, wanafunzi wa Kitutsi zaidi ya 70 walifungiwa katika jengo la kituo cha mafuta wakachomwa moto. Walikuwa watoto wa shule. Kuhusu mapinduzi yaliyofanyika Bujumbura usiku uliotangulia hawakujua lolote zaidi ya waliowachoma. Jeshi nalo likapita vilimani likiua Wahutu ambao hawakumgusa mtu.

Nakaa hapa kwa sababu mafunzo mengi ya siku hizi ya kutambua habari za uongo yanamfundisha msomaji kutafuta picha iliyobandikwa na sauti iliyogushiwa. Ni ujuzi wa maana, lakini usingemwokoa mtoto hata mmoja wa Kibimba. Uzushi uliokomaa hauhitaji kubuni tukio. Huchukua tukio la kweli, chungu, lenye maiti na majina, kisha hulifunga kamba kwenye hitimisho ambalo halitokani nalo. Kinachohitajika wakati huo ni mtu wa kutaja wahusika mmoja mmoja: kikosi gani, kambi gani, amri ya nani. Akitajwa mhusika kwa jina, jirani anatoka hatiani. Redio ilipozimwa Bujumbura, waliokaa gizani kuhusu kifo cha Ndadaye walikuwa wachache. Wengi walikaa gizani kuhusu nani aliyekitenda, na giza hilo la pili ndilo lililoua makumi ya maelfu.

Jibu bora zaidi lililowahi kupatikana Burundi lilizaliwa katika mwaka mbaya, Machi 1995, wakati magazeti ya chuki yakiuzwa waziwazi Bujumbura na redio ya waasi ikirusha sumu kutoka mpakani mwa Zaire. Shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo, na utaratibu wake wa kazi ulikuwa rahisi kuuelezea na mgumu kuufuata: waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi walifanya kazi pamoja, na penye mauaji walikwenda wawili wawili, mmoja wa kila upande. Fikiria maana yake kilimani. Gari linasimama, wanashuka wawili. Mama aliyefiwa hawezi kumweleza mmoja yale asiyotaka mwingine ayasikie, wala mwanajeshi kizuizini hawezi kumkonyeza mmoja dhidi ya mwenzake. Wakirudi studioni kuna maiti walizozihesabu pamoja, na mmoja hawezi kuzipunguza bila mwenzake kujua. Tangu 1997 studio hiyo ilitoa pia mchezo wa redio wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, wa mwandishi Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia mbili majirani, nao ulisikilizwa kote nchini. Hata hivyo, kwa mambo ya uzushi, nauona mchango mkubwa zaidi katika lile gari la watu wawili kuliko katika tamthilia.

Utaratibu huo haukuwa mgeni kabisa kwa Warundi. Bashingantahe, wazee waliosimikwa kuamua kesi za kilimani, hawakukata shauri kwa neno la upande mmoja. Walikaa kama baraza, walizisikiliza pande zote mbele ya watu, na aliyetoa ushahidi aliutoa mbele ya macho ya majirani waliomfahamu yeye na baba yake. Hawakuwa malaika. Watawala wa kikoloni waliwageuza wengi wao kuwa vyombo vyao, na chama kimoja kikaja kuwachagua makada wake badala ya watu wa haki. Wanawake, kwa muda mrefu, hawakuwa na kiti. Ila kanuni yao, kwamba neno lina mwenyewe na mwenyewe huyo ana kwao, ndiyo hiyohiyo Studio Ijambo iliyoipakia garini. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Ngara, Tanzania, Shirika la Majesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera mwaka huohuo wa 1995, kwa ajili ya kambi zilizofurika Warundi na Wanyarwanda. Ilitangaza kwa Kiswahili na Kirundi miongoni mwa lugha zake, na mawimbi yake yaliwafikia wasikilizaji wa kaskazini-mashariki mwa Burundi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kazi ya redio huru zilizofuata, Redio Publique Africaine (RPA) mwaka 2001 na Isanganiro mwaka 2002, ilipata mtihani wake huko Muyinga kwenyewe. Katikati ya mwaka 2006 watu wapatao 30 walikamatwa mkoani humo kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa kundi la waasi la FNL, wakazuiliwa katika kambi ya jeshi ya Mukoni, wakatoweka. Kisha wavuvi na wakazi wa kandokando wakaanza kuona maiti katika mto Ruvubu. Habari ikapita kwa mdomo kabla ya kufika redioni, nayo ilipofika viongozi waliikana na kuiita uvumi. Haikuwa uvumi. Baada ya shinikizo la redio, mashirika ya haki za binadamu na Umoja wa Mataifa, uchunguzi ulifanywa, na mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi kadhaa. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtu makini hawezi kuichukua methali hiyo kuwa kanuni ya ushahidi, maana Ntega ilionyesha lisemwalo linavyoweza kuja kwa sababu tu limesemwa. Lakini Muyinga ya 2006 inamkumbusha kila mwenye mamlaka kwamba mnong'ono wa wanyonge mara nyingi ndiyo njia pekee ya ukweli kutoka mahali palipofungwa. Kama kungekuwa na sheria kali ya kuadhibu wasambazaji wa uvumi mwaka ule, wa kwanza kufungwa angekuwa mvuvi wa Ruvubu.

Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi dhidi ya Rais Pierre Nkurunziza, redio hizo na vituo vingine vilishambuliwa. RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance vilivunjwa au kuchomwa, na Rema FM, kituo kilichoiunga mkono serikali, kilishambuliwa pia na walioipinga. Kwa siku mbili Burundi ilipoteza karibu kila msemaji wa kujitegemea aliyekuwa na anwani. Wiki mbili kabla, mamlaka zilikuwa zimezuia WhatsApp na Facebook kwenye simu. Watu wakajifunza kuzizunguka, na mitandao hiyohiyo ikawa mahali pekee pa kupata habari. SOS Médias Burundi ilianzishwa humo na waandishi waliobaki bila studio, wakijitahidi kuhakiki kabla ya kuchapisha. Ubavuni mwao ulimiminika mto wa picha za maiti wa nchi nyingine na orodha za majina ya watakaouawa, zisizo na jina la aliyeziandika. Mapema mwaka 2016 hata televisheni ya Ufaransa, France 3, ilionyesha video ya unyama ikidai ni ya Burundi. Ilibainika haikurekodiwa Burundi, na kituo kikaomba radhi. Kuomba radhi huko ndiko kunakokitofautisha chombo chenye mwenyewe na ujumbe uliosambazwa. France 3 ilikuwa na mlango wa kubishwa hodi. Aliyeitupa video hiyo kwenye kundi la WhatsApp hana mlango.

Wapo watakaopinga kwamba redio zile hazikuwa safi. Mwanzilishi wa RPA, Alexis Sinduhije, aliingia siasa akaunda chama cha upinzani, na wapinzani wake waliiona redio hiyo kama jukwaa lake. Pingamizi hili ni la haki, na mtu hapaswi kuzipamba redio hizo kwa sababu tu zilichomwa. Lakini tazama kilichowezekana. Januari 2015 mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, alifungwa baada ya redio yake kurusha sauti ya mtu aliyedai kushiriki mauaji ya masista watatu wa Kitaliano huko Kamenge. Mwezi uliofuata aliachiwa kwa dhamana, na umati ukajitokeza kumpokea. Iwe alikosea au alipatia, alikuwepo: aliitwa, alihojiwa, alijibu, na msikilizaji aliweza kupima majibu yake. Chombo chenye upendeleo kinaweza kupingwa na chombo kingine chenye upendeleo, hadharani. Ukikichoma, upendeleo hauishi; hubaki bila anwani.

Pingamizi zito zaidi hutoka ng'ambo ya mto Kanyaru. Rwanda ilionja RTLM, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze kwa kazi ya redio hiyo na ya gazeti la Kangura. Je, baada ya hayo mtu anaweza kuisema vibaya serikali inayobana? Ndiyo, na kwa ushahidi uleule. RTLM haikuwa tetesi za sokoni zilizoponyoka. Ilikuwa kampuni yenye leseni, wanahisa, mitambo na marafiki Ikulu, na kosa la mamlaka halikuwa kwamba zilishindwa kuizuia, bali kwamba zilikuwa zikiibeba. Uchochezi wa kuua ni jinai na uadhibiwe kwa mtu aliyeutenda, mbele ya hakimu, kwa maneno aliyoyasema. Hilo ni tofauti kabisa na kumfunga mwandishi. Aprili 2024 mwandishi wa Burundi, Sandra Muhoza, alikamatwa Ngozi kwa yale aliyoyasema kwenye kundi la WhatsApp la waandishi kuhusu madai ya kugawiwa mapanga, na Desemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miezi 21. Kumfunga msemaji hakumwambii mkazi wa Ngozi kama mapanga yaligawiwa au hayakugawiwa, na mkazi huyo ana historia ya kutosha ya kumfanya aulize.

Inabaki hoja ya kasi: kwamba simu imebadilisha mambo kiasi kwamba mafunzo ya 1988 hayana kazi tena. Kasi imeongezeka, sikatai, na kuipunguza kunasaidia. WhatsApp yenyewe, baada ya watu kuuawa na makundi ya wenye hasira huko India mwaka 2018, iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ikabana zaidi ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi. Mashirika ya uhakiki kama PesaCheck, na Congo Check upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, yanafanya kazi ya kuheshimika. Ila uhakiki wao humfikia mwenye intaneti, katika nchi ambayo walio wengi bado hawana, na hushughulika na madai makubwa ya kitaifa. Huko Gasorwe ujumbe husomwa na mmoja mwenye simu, kisha husafiri kwa mdomo kisimani na kwenye pombe, umekwisha kupoteza hata ile alama ya kuonyesha kwamba ulisambazwa mara nyingi. Hapo tumerudi Ntega, ambako daraja lilivunjwa bila mtu kutuma chochote.

Gasorwe, iliyokuwa tarafa ya mkoa wa Muyinga, ina kambi ya wakimbizi Wakongo tangu 2002, wengi wao kutoka Kivu Kusini, na Kiswahili ni moja ya lugha zao za kila siku. Iko mbali na mpaka wa Congo kwa sababu ya usalama, na umuhimu wa umbali huo ulionekana usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, yaani Watutsi wa Congo, walipouawa katika kambi ya Gatumba iliyokuwa karibu na mpaka. Msemaji wa FNL, Pasteur Habimana, alikiri kuwa kundi lake lilishambulia, akadai kambini mlikuwa na wapiganaji. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliwakuta waliokufa ni raia, wengi wao wanawake na watoto. Kabla maiti hazijazikwa, kila upande ulikuwa na orodha yake ya washambuliaji kutoka Congo, na Azarias Ruberwa, makamu wa rais wa Congo, alisema mazishini kwamba mpito wa amani usitishwe. Madai juu ya Banyamulenge, kwamba wao si raia, kwamba kila mmoja wao ni askari aliyejificha, ndiyo hayohayo yanayozunguka leo kwenye simu kwa Kiswahili, yakiwa na sauti mpya na picha mpya. Mkimbizi wa Gasorwe huyapokea pamoja na uzushi wa aina nyingine unaomgusa mfukoni: orodha za safari, ada za kuharakisha jalada, mtu anayejiita afisa. Tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, Januari 2025, waliokuwa wakingoja wamebaki na maswali, na swali lisilojibiwa ndilo tapeli analolitafuta. UNHCR hurudia kwamba huduma zake hazilipiwi. Tangazo la ubaoni ni jema, lakini ubao haumjibu mtu akiuliza "na jirani yangu aliyelipa mbona aliondoka?"

Kwa hiyo kazi ya Gasorwe ni ya watu wawili wawili, kama ile ya gari la Studio Ijambo: mkimbizi na mwenyeji, Munyamulenge na Mbembe au Mfuliiru, wanaojulikana kwa majina, wenye nauli ya kufika Muyinga mjini kuuliza na wajibu wa kurudi na jibu siku inayojulikana, hata kama jibu ni kwamba ofisi imekataa kusema. Ni kazi ya gharama ndogo, lakini si ya bure, nayo inazidi kuwa ngumu kwa sababu mwenye kuulizwa anasogezwa mbali. Mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Muyinga ikaingia katika mkoa mpya wa Buhumuza, na tarafa ndogo kama Gasorwe zikaunganishwa na nyingine. Huenda hesabu za fedha zina sababu zake. Lakini ofisi ikihama, anayetaka kujua kama habari ni ya kweli hulazimika kutembea zaidi, wakati habari yenyewe inamfikia akiwa ameketi. Serikali inaweza kufidia umbali huo kwa kulazimisha kila msimamizi wa tarafa kukaa vilimani siku maalumu na kujibu maswali hadharani, na inaweza kuanza na deni la karibu: kuweka wazi, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kila kilichopatikana katika uchunguzi wa mauaji ya Muyinga ya mwaka 2006, majina ya waliotupwa Ruvubu yakiwemo.